SOMO: Kufuatilia kumbukumbu za marehemu babu aliyekuwa askari wa Keya

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Babu alipigana Burma, nitapataje rekodi zake?" Naliandikia hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta huku. Somo linahusu askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), na vikosi vilivyokuwa pamoja nao, 1939 hadi 1945.

1. Andika unachokijua: majina yake yote, jina la baba yake, kijiji, na wilaya kama ilivyoitwa enzi zile.

2. Waulize wazee wa ukoo wiki hii. Usisubiri msiba uwakutanishe.

3. Tafuta namba yake ya jeshi. Hapa ndipo wengi wanakwama. Jina peke yake halikufikishi popote. Karani wa kuandikisha aliandika alivyosikia: Mohamed akawa Muhamadi, R ikageuka L, na jina la ukoo mnalolitumia leo huenda halikuandikwa kabisa. Juma bin Ali walikuwa wengi, na kinachowatenganisha ni namba. Itafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi. Pekua sanduku la marehemu, fungua kila bahasha, hata zile za risiti za kodi na karatasi za shamba. Ukiipata, inakili pamoja na herufi zilizo mbele yake, maana nazo ni sehemu ya namba.

ONYO: Cheti hicho usikilaminishe! Ule moto wa mashine unaweza kumaliza wino uliokwisha kufifia, na plastiki ikishashika ndiyo basi. Kipige picha kando ya dirisha, bila flashi, mbele na nyuma. Nyuma usipuuze hata mwandiko wa penseli.

ONYO LA PILI: Medali za Uingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina wala namba ukingoni. Za Vita vya Kwanza ndizo zilizochongwa. Kwa hiyo usipoteze wiki nzima ukisugua medali kutafuta namba ambayo haikuwekwa. Inachokueleza ni alikokuwa: Burma Star ni Burma na maeneo ya jirani, Africa Star, kwa watu wetu, mara nyingi ni vita vya Uhabeshi na Somalia.

4. Jua kikosi chake. 26 (TT) KAR na 36 (TT) KAR ni vya Tanganyika, 11 (K) ni cha Kenya, 34 (U) cha Uganda, 22 (NY) cha Nyasaland (Malawi ya leo). Vyote hivyo vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw hadi Kalewa mwaka 1944. Ukiona kwenye picha ya zamani nembo ya kichwa cha kifaru begani, ni divisheni hiyo.

5. Kama alifia vitani, tafuta kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure. Orodha yao ya vita hivyo ni ya waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947.

6. Kama alirudi, nenda Nyaraka za Taifa: Upanga kwa Dar es Salaam, Moi Avenue kwa Nairobi. Omba mafaili ya wilaya yake ya miaka ile. Shajara za vikosi vilivyokuwa Burma ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, kundi la WO 172. Zitakuonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, ila usitarajie kumkuta askari wa kawaida kwa jina.

MASWALI

Chuma_cha_Pua: Mkuu babu yangu anaitwa Hassan, nitafutie.
— Hatua ya 1 na ya 3.

Chuma_cha_Pua: Nimeingia hiyo tovuti, hayupo. Hawa jamaa hawana kitu.
— Babu alifariki lini?

Chuma_cha_Pua: 1987, nyumbani.
— Basi asingeweza kuwemo. Hatua ya 5 ni ya waliofia vitani, nimeiandika hivyo. Wewe ni wa hatua ya 6.

Binti_Lindi: Shikamoo kaka. Mdogo wake babu alipotea baharini 1944. Tunachojua ni kwamba alikuwa wa mizinga.
— Marahaba dada, na poleni. Anza na meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi. Ilibeba Rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Waliokufa melini walizidi 1,200. Askari hao wamo katika East Africa Memorial, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kwenye tovuti usianze na jina. Weka tarehe hiyo na kikosi hicho, kisha soma mmoja mmoja, ukiangalia jina la baba na mahali alikotoka.

Binti_Lindi: Kaka, nimemwona! Baba yake ametajwa, na Lindi imetajwa. Jina lake limekosewa herufi moja tu.
— Alhamdulillahi. Nakili namba yake leo hii, na wasomee wazee.

Mjukuu_Kilwa: Na aliyekuwa mpagazi Vita vya Kwanza?
— Hapo ni pagumu, na inauma. Mwaka 2021 tume ile ya makaburi ya hatua ya 5 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kama alikuwa upande wa Wajerumani, uliza mafaili ya utawala wao, yapo Upanga. Tafuta msaada wa anayesoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani. Na simulizi za ukoo zirekodini kwa simu.

Mama_Tukuyu: Mimi sina cheti, sina medali. Bibi yupo ila anasahau.
— Muulize asubuhi akiwa ametulia, na usimuulize habari za vita. Muulize alikuwa anakwenda boma gani kuchukua fungu la mshahara lililotumwa na mumewe. Mafaili ya kuomba ni ya boma hilo.