Kuchora mpaka wa bonde la mto kwenye ramani ya zamani

Kila wiki mtu wa Bukavu ananiuliza mto wa kwao unakusanya maji ya vilima vipi, na ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja) anayo nyumbani. Naandika mara moja, tusomeane.

1. Tandaza ramani, weka kalki (karatasi inayopenyeza mwanga) juu yake, bana pembe.
2. Kalamu ya risasi. Bic hapana.
3. Tia alama pale mto unapoishia.
4. Fuata vijito vyote vya buluu hadi vyanzo.
5. Anzia kwenye ile alama, chora mpaka. Hapa pole pole. Kontua hupinda kama V bondeni, hupinda vilevile kwenye mgongo wa mlima. Nilipochora mto Kawa sikusoma namba za kimo kwenye kontua, nikaingiza kilima kizima kisicho chake. Nilikuja kujua siku ya mvua, nimesimama pale juu, maji mekundu yanateremka miguuni pangu kuelekea mto mwingine, Ruzizi. Soma namba! Ncha ya V ikielekea namba kubwa, hilo ni bonde. Ikielekea namba ndogo, ni mgongo, na mpaka unapita hapo. Mpaka ukikata kijito popote pasipo ile alama, futa, rudi nyuma.
6. Funga mstari pale ulipoanzia.

MASWALI

– Yaya, nimetuma picha, unichoree.
– Hapana. Anza na hatua ya 1.

– V zangu zote zinatazama juu.
– Juu ya karatasi ni kaskazini, si mlimani. Nimeandika: soma namba.

– Yangu ni fotokopi ya 1:50,000. Nahesabu sentimita 2 kuwa kilomita 1, lakini barabara inatoka fupi.
– Umeangalia vizuri. Fotokopi ilipunguzwa, ile namba ikabaki ilivyo. Pimia ule mstari wa kilomita ulio chini, umepungua pamoja na ramani.

– Na maji ya nyuma ya mlima Kahuzi?
– Aksanti kwa kuuliza. Ya upande wetu huingia ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi, yanatoka kwa Ruzizi hadi ziwa Tanganyika, kisha mto Lukuga, kisha mto Lualaba. Ya magharibi yanapita msituni kwa mito kama Lowa, nayo yanafika Lualaba. Zamani Kivu lilimwaga maji kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia.

– Yangu imeandikwa Costermansville.
– Ndiyo Bukavu hii hii, jina la wakati wa Wabelgiji. Usiikunje tena, iviringe. Na usibandike skochi kwenye mikunjo: gundi yake inageuka njano na kula majina ya vijito.