Kufufua redio ya CB ya zamani: maiki kwanza, koili ziache

Redio ya CB (Citizens Band, redio ya raia wa kawaida ya kuzungumza na kujibiwa) ikikaa kabatini miaka mingi, huwa haiharibiki sana. Kinachoimaliza ni mikono ya mtu aliyeifungua bila kujua anatafuta nini. Mwongozo huu ni wa redio za gari za transista, zile za miaka ya 1970 na 1980 zinazotumia umeme wa betri ya gari. Redio za mezani za valvu, kama Browning Golden Eagle, hubeba volti mamia, na kapasita zake zinaweza kukurusha hata zikiwa zimezimwa. Hizo ziache mpaka ujue namna ya kuzitoa chaji.

Hatua ya 1: Kuchagua

Tazama idadi ya chaneli. Marekani iliongeza chaneli kutoka 23 hadi 40 mwaka 1977, kwa hiyo redio ya Kimarekani yenye chaneli 23 kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Nyingi kati ya hizo hupata masafa kwa kuchanganya kristali kadhaa, yaani vipande vinavyotetema kila kimoja kwa masafa yake. Kristali moja ikifa, chaneli chache hufa pamoja na nyingine hubaki nzima. Za chaneli 40 hutumia PLL, saketi moja inayotengeneza masafa ya chaneli zote, na PLL ikigoma, kwa kawaida chaneli zote huondoka.

Mimi nitachukua redio mbovu yenye vitufe vyake vyote kabla ya nzima iliyotobolewa uso ili kuwekwa swichi ya ziada. Transista utaipata, kitufe cha asili hutakipata. Ukifungua kifuniko ukakuta viini vya koili (vile vinavyozungushwa kurekebisha redio) vimemeguka vichwa, jua fundi mwenye bisibisi ya chuma amekwisha kupita humo. Punguza bei au ondoka.

Hatua ya 2: Kuwasha

Tumia pawasaplai ya volti 13.8 yenye kikomo cha ampea, ukiiweka ampea 1 kwa kuanzia. Hakikisha chanya na hasi. Pawasaplai ikigonga kikomo papo hapo, au ukikuta fyuzi imekwisha katika, pima dayodi iliyo kati ya waya chanya na hasi, pale umeme unapoingilia. Kazi yake ni kukata fyuzi mtu akigeuza waya, na mara nyingi hubaki imeshoti baada ya kuiokoa redio. Badilisha dayodi, weka fyuzi ya ukubwa ulioandikwa nyuma ya redio, endelea. Fyuzi kubwa zaidi "ili isikatike" ni njia ya kuunguza bodi.

Hatua ya 3: Redio inawaka lakini haitoi sauti

Hapa ndipo watu wanapopotea, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu. Mwenzangu alikuwa ameshabadilisha IC ya sauti (chipu ya kukuza sauti) na spika, na alikuwa anajiandaa kuagiza transista. Redio yake haikuwa na ugonjwa wowote. Maiki ndiyo haikuwa imechomekwa.

Katika redio nyingi za enzi hizo, njia ya sauti kwenda kwenye spika hupitia swichi ya maiki. Ukiwa hujabonyeza, swichi inafunga saketi ya kupokea. Ukibonyeza, inaikata na kufunga ya kurusha. Maiki isipokuwepo, au waya wake mmoja ukiwa umekatika, redio inakuwa bubu ingawa mshale wa mita unacheza vizuri. Mshale ukicheza na spika iko kimya, usiguse kitu kingine chochote kabla ya maiki.

Pima hivi. Kwenye maiki ya Cobra ya pini 4, pini ya 1 ni ya pamoja, ya 2 ni sauti, ya 3 ni kurusha na ya 4 ni kupokea. Bila kubonyeza, kati ya 1 na 4 multimita isome karibu omu 0. Ukibonyeza, hiyo ifunguke na kati ya 1 na 3 ifunge. Wakati unapima, kunja kebo karibu na plagi na karibu na maiki yenyewe, maana waya hukatikia humo ndani na ngozi ya nje haionyeshi kitu. Mimi sina huruma na kebo ya zamani: ikiyumba mara moja, nakata naweka mpya.

Tahadhari ni kwamba mpangilio huo si wa kila redio. Plagi mbili zinaweza kuingiana vizuri kabisa na waya ndani zikawa zimepangwa tofauti. Usiazime maiki ya redio nyingine bila mchoro. Vitabu vya Sams Photofact vina michoro ya redio nyingi za CB. Maiki zenye betri ndani, kama Turner +3, fungua kwanza uone kama betri imevuja. Na Astatic D-104 yenye sauti hafifu huenda kristali yake imekufa kwa joto na unyevu. Hiyo haifufuki, hubadilishwa.

Maiki ikiwa nzima na bado kimya, angalia swichi ya CB/PA isije ikawa upande wa PA, yaani wa kipaza sauti cha nje. Kisha chomeka na kuchomoa jeki ya spika ya nje mara kadhaa. Ndani yake kuna mguso unaopeleka sauti kwenye spika ya ndani, nao hushika kutu.

Hatua ya 4: Kusafisha

Dawa ya kusafishia miguso kwenye voliumu, skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mvumo) na kizungushio cha chaneli. Zungusha. Mafuta ya kulegezea nati yasikaribie humo.

Hatua ya 5: Kapasita

Kapasita za elektroliti hukauka, lakini sishauri kung'oa zote kwa pamoja. Toa moja, weka moja, washa, sikiliza. Volti iwe ileile au zaidi, joto nyuzi 105. Piga picha kabla, kwa sababu bodi nyingine huwekewa alama upande wa chanya na nyingine upande wa hasi. Gundi iliyogeuka kahawia ikwangue taratibu, kwani ikizeeka hupitisha umeme na kula miguu ya vifaa.

Viini vya koili usivizungushe. Redio ikikaa kimya miaka yote, havijizungushi vyenyewe.

Hatua ya 6: Kurusha

Usibonyeze maiki bila mzigo bandia wa omu 50, kifaa cha kupokea nguvu badala ya antena, kwenye soketi ya antena. Kwa AM, kikomo cha Marekani ni wati 4. Ukisoma 3.5, imetosha, acha kuwinda wati. Sheria za nchi yako kuhusu chaneli na nguvu zisome kabla ya kuunga antena.

Pima masafa kwa kaunta, yaani kifaa cha kupimia masafa. Chaneli ya 1 ni MHz 26.965, ya 19 ni 27.185 na ya 40 ni 27.405. Ukifika ya 23 utasoma 27.255, halafu ya 24 irudi nyuma hadi 27.235 na ya 25 isome 27.245. Huo si ubovu, PLL ni nzima. Chaneli ya 23 ilikuwepo kabla ya nyongeza, na hizo mbili zilijazwa kwenye pengo lililokuwa chini yake.