Somo: Kubadilisha oili na filta kwenye Mazda RX-8

Habari za kazi, wenye RX-8 wa Tanga na wote mnaofikiria kuinunua. Gari hizi zinafika kutoka Japani zikiwa nzuri, halafu zinafia uani kwa watu, na mara nyingi chanzo ni oili. Injini yake ya rotari haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na kila ncha ya rota ina sili yake, yaani kipande chembamba cha kuziba mwanya. Sili hizo zinalainishwa na oili ileile ya kwenye sampu, karai la oili chini ya injini: pampu ndogo inaichota kidogo kidogo, inaiingiza ndani, inaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo RX-8 nzima kabisa, isiyo na ugonjwa wowote, inakula oili. Anayesubiri sevisi ya kilomita 5,000 bila kupima katikati anaimaliza injini yake mwenyewe.

Andaa oili lita 4, filta ya oili, filta ya hewa, washa (ringi bapa) mpya ya bolti ya sampu, jeki, stendi mbili, beseni na matambara. Kuhusu uzito wa oili, kwa soko la Ulaya Mazda walitaja 5W-30, Marekani 5W-20, ambayo ni nyepesi zaidi. Kwa joto letu la pwani chukua 5W-30. Kuhusu oili ya sinthetiki, ile iliyoundwa kiwandani, watu wanabishana sana. Mimi naweka oili ya kawaida yenye ubora na kuibadilisha mapema, maana sehemu yake inaungua tu.

1. Pasha injini moto. Iache iungurume mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida, ndipo uzime. Hapa msinichoke. Ukiiwasha rotari ya baridi, ukaisogeza kutoka kivulini hadi uani na kuzima, petroli iliyozidi inabaki ndani, inalowesha plagi na kuosha oili kwenye sili. Kesho yake unapiga selfu mpaka betri inalala. Kama unataka kuisogeza tu, isukumeni kwa mikono.

2. Inua gari. Weka stendi kwenye sakafu ngumu, si kwenye mchanga. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Vua ngao ya chini kama bado ipo.

3. Mwaga oili. Fungua bolti taratibu, oili ni ya moto. Iache idondoke mpaka iishe yenyewe. RX-8 ya gia sita za mkono ina redieta mbili za oili mbele, kulia na kushoto, na mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 6. Kwenye bolti itatoka karibu nusu tu. Nyingine imebaki humo. Fundi asiyeijua gari hii anaweza kumimina lita 5 kwa mazoea, na oili iliyozidi itapanda kwenye njia ya hewa.

4. Filta ya oili. Unaifikia kutoka juu ukifungua boneti. Tandika tambara chini yake. Ukishaitoa, igeuze uangalie: ringi yake ya mpira imetoka nayo? Mara nyingine inabaki imeganda kwenye injini, nyeusi kama chuma chenyewe, huioni mpaka upitishe kidole. Ukifunga filta mpya juu ya ringi ya zamani, oili itachuruzika kwa kasi ukiwasha. Paka oili kwenye ringi mpya, funga kwa mkono.

5. Jaza. Rudisha bolti pamoja na washa yake mpya, shusha gari kutoka kwenye stendi, mimina lita 3. Washa injini, hakikisha taa ya oili imezimika, iache ipate moto. Zima gari ikiwa mahali tambarare, subiri dakika 5, pima. Ongeza kidogo kidogo; kwa kawaida inaishia karibu lita 3.5. Usivuke alama ya F (imejaa) kwenye kijiti cha kupimia.

6. Filta ya hewa. Fungua boksi, toa, weka mpya. Wanaopita njia za vumbi za Muheza wabadilishe mapema. Filta ya petroli imo ndani ya tangi pamoja na pampu, haihusiki na sevisi hii.

Oili chafu iingie kwenye dumu, ipelekwe gereji. Mitaro yetu inaishia baharini.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nipime oili kila baada ya muda gani?*
Kila unapojaza petroli mara ya pili. Tembea na lita moja kwenye buti, hasa ukienda Dar.

*Kaka, nikiweka 20W-50 si itaacha kula oili?*
Haitaacha, pampu itaendelea kuichota. Na oili hiyo inatakiwa iungue, ndiyo kazi yake.

*Shikamoo fundi. Chini ya kifuniko cha oili nimekuta utando mweupe kama maziwa. Injini imekufa?*
Marahaba mwanangu. Usikate tamaa bado. Kwenye RX-8 unyevu huganda pale shingoni, hasa kwa safari fupi fupi za hapa mjini, kama Chumbageni na Ngamiani. Futa, kisha fuatilia maji ya redieta. Yakipungua, au ukiona moshi mweupe usioisha, hapo ipeleke ikapimwe.

*Nilishaizima ikiwa baridi kabla sijasoma somo. Haiwaki, nifanyeje?*
Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini, piga selfu kama sekunde 10. Ukikanyaga hivyo kompyuta inakata petroli. Pumzisha stata, rudia. Ikigoma, toa plagi zote nne, zikaushe, na uchaji betri ijae kabla ya kujaribu tena, kwa sababu rotari haiwaki kwa selfu ya kusuasua.