Kusoma nyaraka za Andrei Sinyavsky: anza na barua

Wengi wanaofungua nyaraka za mwandishi huyu wa Kirusi hukimbilia majalada ya miswada. Barua ndizo za kuanza nazo. Sinyavsky alikamatwa Moscow tarehe 8 Septemba 1965, na Februari 1966 akahukumiwa miaka 7 katika kambi ya wafungwa kwa sababu ya hadithi alizozipenyeza nje ya nchi kwa jina la Abram Tertz. Huko Mordovia, eneo la Urusi lilikokuwa na kambi hiyo, aliruhusiwa kutuma barua 2 tu kwa mwezi, naye akazitumia barua hizo kumpelekea mkewe, Maria Rozanova, vipande vya vitabu. Kitabu chake juu ya mshairi Pushkin kilitoka kambini kwa njia hiyo, mbele ya macho ya wakaguzi wa barua. Kwa hiyo ukitafuta rasimu ya kwanza kwenye jalada la miswada, huenda ukakuta nakala safi iliyopigwa taipu baadaye.

Nyaraka zimehifadhiwa Taasisi ya Hoover, Chuo Kikuu cha Stanford, California. Jina ndilo kikwazo cha kwanza. Maktaba za Marekani huliandika Siniavskii, vitabu vya Kiingereza Sinyavsky, Wafaransa Siniavski, Wajerumani Sinjawskij. Tafuta kwa kila tahajia, kisha kwa herufi za Kirusi, Синявский, kisha kwa jina lake la uandishi, Tertz na Terts. Ukitumia moja tu utakosa barua zilizomo katika mikusanyiko ya watu wengine, kwani barua alizotuma hukaa kwa waliozipokea. Kituo cha utafiti wa Ulaya Mashariki cha Bremen na hifadhi ya Bakhmeteff iliyo Chuo Kikuu cha Columbia, New York, zina karatasi nyingi za Warusi wa uhamishoni, zipitie pia.

Soma orodha ya mkusanyiko mtandaoni kabla ya kusafiri, unakili namba za sanduku na jalada. Orodha hueleza jalada, haielezi kila karatasi, hivyo jina kutokuwepo humo si ushahidi kwamba mtu huyo hamo. Agiza masanduku siku kadhaa mapema, maana mengine huenda yakawa kwenye ghala la mbali. Chumba cha kusomea utaingia na penseli, kompyuta na kamera. Kalamu ya wino huachwa nje.

Fungua jalada moja kwa wakati mmoja. Ukikuta karatasi zimevurugika, usizipange upya, mwite mhudumu. Unapopiga picha, anza na lebo ya sanduku, kisha lebo ya jalada, kisha kila karatasi mbele na nyuma. Yaite mafaili kwa mpango huo: 012_05_001 ni sanduku la 12, jalada la 5, picha ya 1. Asiyefanya hivi hurudi nyumbani na mamia ya picha nzuri zisizo na anwani, wala hawezi kuzinukuu.

Tarehe zina mtego wake. Warusi hupenda kuandika mwezi kwa namba za Kirumi: 8.IX.65. Mwandiko wa haraka huchanganya IX na XI, IV na VI, hivyo linganisha na muhuri wa posta kama bahasha ipo. Kwa kuwa barua zilikuwa chache, moja yaweza kubeba tarehe kadhaa; nukuu tarehe ya aya unayoitumia, si ile ya juu tu.

Mwandiko wa Kirusi ni kazi ya siku kadhaa hata kwa anayesoma Kirusi cha vitabuni vizuri. Herufi т hufanana na m ya Kilatini, д na g, и na u, na ш ikifuatana na и huwa vijiti vitupu. Bahati nzuri barua zake za kambini zilichapishwa mwaka 2004 katika juzuu 3. Chukua kurasa 3 au 4 za barua iliyomo humo, ziweke kando ya karatasi halisi, utengeneze jedwali lako la herufi. Ndiyo njia fupi kuliko zote.

Nakala za kaboni zilipigwa taipu kwenye karatasi nyembamba, kadhaa kwa mkupuo mmoja. Za chini kabisa zina ukungu: н, п na и huwa kitu kimoja, е hugeuka с. Tafuta nakala ya juu kabla ya kubishana juu ya neno. Karatasi hizi zishike kwa mikono miwili, na uombe karatasi nyeupe ya kuweka nyuma ili maandishi ya chini yasipenye.

Kwa karatasi za Ufaransa, alikohamia mwaka 1973, jihadhari na masahihisho ya pembeni. Yeye na Rozanova walianzisha jarida la Sintaksis mwaka 1978, kwa hiyo mkono unaousoma huenda si wake. Angalia pia sahihi: ni Sinyavsky mhakiki au Tertz mtunzi? Nukuu jina kama lilivyo, maana alilichagua kwa makusudi.

Ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuchapisha. Alifariki mwaka 1997, na nchini Ufaransa haki za maandishi yake hudumu hadi mwisho wa 2067, mikononi mwa warithi. Barua aliyoandikiwa na mtu mwingine ina haki za huyo aliyeiandika, hata kama karatasi yenyewe imo sandukuni mwa Sinyavsky.