Somo: Kuku Wako Wanadonoana Manyoya? Kagua Banda Kabla ya Kugusa Midomo

Wengi mnaouliza swali hili mnafuga nyuma ya nyumba, banda la mabati na wavu, kwenye mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole, Ruai, Dagoretti. Mmeona mgongo wa kuku umeanza kuwa mtupu karibu na mkia, kisha mmoja akatokwa na damu, na jirani akawashauri mtafute kijana wa kukata midomo. Msimwite bado.

Kuku aliyeachiwa uwanja hushinda akichakura: anapekua udongo, anadonoa, anasonga mbele, anachakura tena. Hata yule wa gredi aliyetoka kwenye mashine ya kuangulia ana hamu hiyo hiyo. Mfungie kwenye sakafu ya saruji tupu, mpe chakula anachomaliza upesi, na mdomo wake utabaki bila kazi hadi jioni. Kilicho karibu ni manyoya ya mwenzake. Kwa hivyo tusichanganye jambo hili na kugombania ukubwa. Kuku wanaopigania ukubwa hulenga kichwa na kilemba, hufukuzana, na wakishajuana mambo hutulia. Anayenyonyoa manyoya huja polepole, bila ugomvi wowote, na mara nyingi anayenyonyolewa husimama tu.

Hatua ya 1: Mtoe aliyeumia leo hii

Kuku huvutwa sana na rangi nyekundu. Tone la damu likionekana, banda zima litamwandama mmoja, na kabla hujarudi kutoka kazini wanaweza kuwa wamemla hadi ndani. Mwoshe kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha umpake ile dawa ya zambarau ya vidonda, GV, ambayo pia inaficha wekundu. Mtenge kwa wavu ndani ya banda lilelile ili wazidi kuonana. Ukimpeleka mbali, siku ya kurudi atakuwa mgeni na watampiga upya.

Halafu kaa kitako kimya jioni moja uwatazame. Mara nyingi utakuta mwenye mchezo huo ni mmoja au wawili. Mdonoaji naye atengwe siku kadhaa.

Hatua ya 2: Soma manyoya yenyewe

Hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu si kila kuku mwenye mgongo mtupu amedonolewa. Mshike usiku, wakati ametulia, na tochi mkononi.

Ukiona upara unaanzia kichwani na shingoni, kisha kwenye ngozi kuna vijiti vya manyoya mapya vinachomoza, huyo anabadilisha manyoya tu. Hupunguza mayai au huacha kutaga kwa muda, kisha anarudi. Mgongo na nyuma ya shingo vikiwa vimechakaa, manyoya yamekatika katikati, na una jogoo, basi ni jogoo anampanda mno. Labda ana mitetea wachache, naye ana mmoja anayempenda kupita wengine. Kifua kitupu kwa kuku anayetaka kuatamia ni kazi yake mwenyewe. Manyoya machafu kuzunguka kinyeo, yenye vijidudu vinavyokimbia ukiyapanua, ni chawa au utitiri. Yule utitiri mwekundu humkuti kwenye kuku mchana. Hujificha kwenye nyufa za mbao na chini ya vijiti vya kulalia, hutoka usiku kunyonya damu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kijiti. Ikitoka na madoa mekundu, umempata. Kuku anayewashwa usiku kucha huamka na hasira, na hujidonoa mwenyewe kabla ya kudonoa wenzake.

Alama ya kudonoana kwenyewe ni upara ulioanza juu ya mkia na kupanda mgongoni, na sakafu isiyo na manyoya. Hilo la mwisho liangalie sana. Manyoya yaking'olewa na yasionekane chini, yanaliwa.

Hatua ya 3: Chakula

Unyoya karibu wote ni protini. Kuku anayekosa protini huitafuta anapoiona. Chakula cha kuku wa mayai huwa na protini ya asilimia 16 hadi 18, na kuku mmoja hula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku. Sasa gunia limepanda bei, mtu anachanganya nusu kwa nusu na chenga za mahindi ili lifike mwisho wa mwezi. Mahindi yana asilimia 8 au 9 tu. Mchanganyiko huo unashuka hadi kama 13, mayai yanapungua, na manyoya yanaanza kuliwa. Mtu anadhani ameokoa pesa.

Ukitaka kuongeza kitu, ongeza chenye methionini, sehemu ya protini ambayo ndiyo hasa hujenga manyoya: omena waliokauka vizuri, au mashudu ya alizeti, ambayo yana makapi pia, nayo makapi hushibisha na kutuliza. Funza wa nzi askari mweusi ni chakula kizuri vilevile. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wamefanya utafiti mwingi juu ya wadudu kama chakula cha mifugo, na siku hizi wapo wanaowazalisha kwa taka za jikoni. Omena usizidishe, yai litanuka samaki na wateja watakukimbia.

Wanaojichanganyia chakula nyumbani husahau chumvi. Kiasi ni kama gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya chakula. Upungufu wake huchochea kudonoana, lakini ikizidi inaua, kwa hivyo pima kwa mizani, si kwa kiganja.

Chakula cha unga ni bora kuliko cha vidonge (pellets) kwa tatizo hili, kwa sababu humchukua kuku muda mrefu kukila. Na chombo kiwe kirefu, sentimita 10 kwa kila kuku, wale wote kwa pamoja. Mnyonge anayesubiri wakubwa washibe ndiye huanza kudonoa mikia.

Hatua ya 4: Nafasi, joto, mwanga

Ndani ya banda, kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanapumua; zaidi ya sita unatafuta shida. Vijiti vya kulalia, sentimita 15 hadi 20 kwa kila kuku. Mabati ya Januari na Februari hugeuza banda kuwa jiko saa sita mchana, basi acha nafasi kati ya ukuta na paa, izibe kwa wavu.

Kuhusu taa: Nairobi mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kuongeza saa mbili au tatu alfajiri ili watage ni sawa, kwa balbu hafifu. Balbu kali inayowaka usiku kucha haina faida. Kuku hawalali, na kila alama ndogo mwilini inaonekana.

Hatua ya 5: Wape kazi

Mwaga maranda ya mbao, kina cha sentimita 10. Mafundi wa samani wengi hukuuzia gunia kwa bei ndogo. Kila jioni tupa konzi ya mtama au ngano juu ya maranda, wachakure hadi giza liingie. Majani ya nje ya kabichi, ambayo mama mboga huyatupa, yafunge kwa kamba uyaning'inize usawa wa kichwa ili wayarukie. Weka karai la majivu na mchanga mkavu waogee. Linasaidia pia dhidi ya chawa. Maganda na kokwa za parachichi usiwape hata kidogo, ni sumu kwa ndege.

Hatua ya 6: Wageni

Usimwingize kuku mmoja peke yake kwenye kundi lililozoeana. Waje wawili au zaidi, wakae nyuma ya wavu wiki moja, kisha waingizwe usiku.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mtaa wake)

Umoja: Mwalimu, wangu ni tembe, wameanza kutaga juzi. Hawaguswi mgongo, wanadonolewa kinyeo tu. Mmoja amekufa.

Pole sana dada. Tembe akitaga yai kubwa mapema, kinyeo hubaki nje kidogo kwa muda, chekundu na kinachong'aa, na wenzake hukidonoa. Tatizo liko kwenye viota. Kiota kimoja kwa kuku wanne au watano, kiwe cha chini na chenye giza. Tundika kipande cha gunia mlangoni ili akimaliza kutaga asionekane. Kama uliwasha taa kuwaharakisha, izime kwanza.

Dagoretti: Wangu huanza kila msimu wa mvua ndefu. Kiangazi hawana neno.

Kiangazi wanatoka nje, mvua inawafungia. Banda linalowatosha kulala haliwatoshi kushinda. Ezeka hata kipande cha uwanja kwa karatasi ya nailoni wapate pa kuchakura pakavu, na badilisha maranda yakilowa. Mwezi wa Aprili ndio wa kuning'iniza kabichi kila siku.

Ruai: Kuna fundi anapita mtaani anakata midomo kwa kisu cha moto. Ananiambia tatizo litaisha siku hiyo hiyo.

Siku hiyo itaisha kweli, kwa sababu kuku atakuwa na maumivu hawezi hata kula vizuri. Ndani ya mdomo kuna mishipa ya fahamu. Wanaoukata kitaalamu huukata kwa kifaranga, na hata hivyo nchi kama Norwe, Uswidi na Finlandi zimepiga marufuku. Kumkatia kuku mkubwa ni kumtesa, na sababu inabaki palepale bandani. Ile miwani ya plastiki ya kumzuia kuku kuona mbele, isiyotoboa pua, ni afadhali kwa muda mfupi, kwa mdonoaji mmoja sugu. Ya kutoboa pua, hapana.

Kayole: Nimefanya yote hayo, ndugu. Chakula kizuri, maranda, nafasi. Kuna mmoja haachi.

Kuku huigana. Mmoja akishaonja unyoya, wengine hujifunza kwake, ndiyo maana kuchelewa kunaumiza. Mtenge wiki mbili, mrudishe. Akirudia, huyo dawa yake ni sufuria. Sisemi kwa mzaha; kumuuza kwa mfugaji mwingine bila kumwambia ni kumhamishia shida.

Kahawa: Kuku wangu wametulia sasa, lakini migongo bado mitupu. Manyoya yatarudi lini?

Yaliyong'olewa na shina lake huanza kuota ndani ya wiki chache. Yaliyokatika yakabakiza kijiti hayataota hadi kuku abadilishe manyoya, kwa hivyo usishangae wengine wakipona na wengine wakabaki vile vile. Unyoya unaochipua una damu ndani, na mdonoaji anaupenda kuliko wa zamani, basi endelea kuwapaka GV mgongoni hadi ufunguke. Na kwa kuwa tunaingia Julai, kuku asiye na manyoya hula zaidi ili apate joto. Usiwapunguzie chakula, na ziba upepo upande wanaolala.