Kutembelea kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ni bustani yenye mwenyewe. Ni nyumbani kwa mtu, na mara nyingi wazee wake wamezikwa humo humo. Kwa hiyo, ingawa mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, usiingie kabla ya kupiga hodi. Tafuta mwenyeji siku moja kabla, na ukifika wape wazee shikamoo kwanza. Simu ya kupigia picha ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe.

Epuka Machi hadi Mei. Udongo wa mlimani ukilowa huteleza kama mlenda, na wengi huanguka wakati wa kushuka, si wa kupanda. Raba za soli bapa hazifai. Vaa mabuti ya mvua, shika fimbo. Julai hadi Septemba utakuta buni zinaiva, ila beba sweta.

Ukiwa ndani, simama pale pale kwanza utazame juu. Miti mirefu ya mfuruanje na mringaringa hutandaza kivuli chepesi kinachopitisha jua kidogo. Chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi. Kagua shina la mgomba: uliotunzwa vizuri huachiwa mama, mtoto na mjukuu tu, machipukizi mengine hung'olewa, la sivyo mikungu huwa midogo. Ng'ombe yuko bandani, analishwa majani ya migomba, na samadi yake hurudi kwenye mashina. Hapo ndipo ilipo siri ya ardhi kulimwa vizazi na vizazi bila kuchoka, nasi tungekuomba ukae hapo muda mrefu kuliko penye mandhari ya mlima.

Usichume buni kuionja. Majani yakiwa na madoa ya buluu, mti umepigwa mrututu, dawa yenye sumu ya kuua kuvu.

Usikate sale, mmea wa majani marefu unaopandwa kingoni mwa kihamba, hata jani moja. Ndilo mpaka wa shamba, ndilo alama ya kaburi, na ndilo Mchaga hubeba akienda kuomba msamaha.

Mfereji, yaani mfongo, uvuke kwenye daraja au jiwe lililowekwa. Kingo zake ni udongo na nyasi tu. Ukikanyaga zinabomoka, maji yanamwagika njiani, na jirani wa chini aliyesubiri zamu yake anakosa. Viatu vyenye tope kavioshe kwingine.