Mimba tatu mwilini, moja kwenye kompyuta: kabla hujamwomba GP rufaa Uingereza

Dada zangu mlioko Uingereza, ninayoandika hapa yamenila karibu miaka miwili. Kama zimeshakutoka mimba mbili au tatu na hujui uanzie wapi, soma. Na kama imetoka moja tu, soma zaidi, kwa sababu wewe bado una nafasi ya kufanya nilichoshindwa mimi.

Zangu zimetoka tatu. Ya kwanza Tanga, 2017, wiki ya tisa. Nikasafishwa hospitali binafsi, nikapewa dawa kwenye bahasha ya kaki, nikarudi nyumbani kwa bajaji. Ya pili nilikuwa nimeshakuja huku, 2021, wiki ya sita. Nilipima mkojo mwenyewe, mistari miwili ikatokea, siku nne baadaye damu. Nikafanya tunavyofanya wengi: nikajifungia chooni, nikalia, nikampigia mama, kesho yake nikaingia shifti. Ya tatu 2023, hospitali, kwenye ultrasaundi, mapigo ya moyo hayapo.

Ndipo nikaenda kwa GP, daktari wa kawaida wa mtaani, kuomba rufaa kwa bingwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Akatazama kompyuta yake, akasema pole sana, lakini hii ni ya kwanza, na mimba moja ikitoka huwa hatuchunguzi. Ya kwanza! Nikamsimulia ya Tanga na ya chooni. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika mstari mmoja, dakika zangu kumi zikaisha.

Hapo ndipo niliponaswa, na ndipo wengi wetu tunaponaswa. NHS, huduma ya afya ya serikali, inahesabu kilichoandikwa. Na sisi tumelelewa kuificha mimba mpaka ijitangaze yenyewe, ikitoka tunaificha mara mbili, tusije tukasemwa tuna mkosi au tumelogwa. Nyumbani usiri huo unakulinda na maneno ya mtaa. Huku unakufuta kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa miaka mingi madaktari wa hapa walikuwa wanataka mimba tatu mfululizo ndipo wakupime. Mwongozo mpya wa Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi, wa 2023, bado unasema tatu, ila si lazima zifuatane, na daktari ana ruhusa ya kukupima baada ya mbili akiona kuna dalili ya tatizo. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya na kile cha Marekani vyote vinaanzia mbili. Shoga yangu wa Minnesota alipimwa baada ya mbili, bima ikalipa sehemu, nyingine bado anadaiwa. Kwa hiyo usiwaonee sana wivu.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye. Mwongozo huohuo unasema mimba ya tatu ikitoka, kilichotoka kipelekwe maabara kupimwa kromosomu, yaani vibeba vinasaba, maana karibu nusu ya mimba changa zinazotoka huwa na hitilafu huko. Jibu lile lingeniambia kama ilikuwa bahati mbaya ya mbegu na yai, au kuna kitu mwilini mwangu. Lakini kwenye kompyuta yao ile ya tatu ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyepeleka kitu maabara. Hakirudi tena.

Basi, nakwambia: iandikishe. Siku ukiona mistari miwili, piga picha kipimo, simu itaweka tarehe yenyewe. Damu ikianza, usijifungie na mama kwenye simu. Tafuta kitengo cha mimba changa cha hospitali yako. Vingine vinapokea simu yako moja kwa moja, vingine vinataka GP akutume. Ikitokea nyumbani, na najua ninachokuomba ni kigumu, weka kilichotoka kwenye chombo safi chenye mfuniko, uwapigie uulize kama watakipokea. Hata kama yote yameisha na huhitaji dawa yoyote, mwambie GP iandikwe kwenye faili kwamba mimba ilitoka, tarehe fulani, wiki fulani. Usikubali iandikwe kwamba hedhi ilichelewa.

Na zile za nyumbani? Mdogo wangu alikwenda mara tatu hospitali ile ya Tanga. Mara ya kwanza mhusika wa mafaili yuko likizo, mara ya pili umeme hakuna, mara ya tatu akapata barua yenye muhuri na sahihi ya daktari. Unajua kwetu mambo yanavyokwenda, mtume ndugu mwenye subira na nauli. Bahati nzuri madaktari wetu huandika Kiingereza, tafsiri haihitajiki. Barua ile na picha ya kipimo cha 2021 nikazipeleka kwa GP, safari hii nimeandika kila kitu kwenye karatasi moja: mwaka, wiki, mahali, kilichofanyika. Rufaa ikatoka wiki hiyohiyo. Daktari yuleyule.

Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kitambulisho wala uthibitisho wa anwani, mapokezi wakikukatalia waambie hivyo kwa adabu. Mkalimani ni bure. Usimtumie mumeo kwa mambo haya. Simu ya kuomba miadi piga saa mbili kamili asubuhi.

Kwa bingwa watakutoa damu, watapima tezi ya shingoni na kuangalia umbo la mfuko wa uzazi kwa ultrasaundi. Kubwa ni kipimo cha kinga za antifosfolipidi, zinazofanya damu igande ovyo. Hicho kikionyesha kinga hizo zipo, kinarudiwa baada ya wiki zisizopungua 12, na bila jibu la pili hakuna anayekuthibitishia ugonjwa. Hapa tena wanawake wanapotea njia: jibu la kwanza likija, shangazi anatuma mizizi, rafiki anakupa sindano zake zilizobaki za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Usiguse. Heparini inaweza kuvuruga kipimo chenyewe. Mimi nilingoja wiki zote 12, la pili likaja kama la kwanza, na mpango wangu sasa ni aspirini ya dozi ndogo na heparini pindi mimba nyingine itakapoonekana.

Jambo moja zaidi ambalo hakuna aliyeniambia: tangu Novemba 2021, ukiwa na mimba changa, damu ikatoka, na umewahi kupoteza mimba, kuna projesteroni, homoni ya uzazi, ya kuweka ukeni, miligramu 400 mara mbili kwa siku, baada ya ultrasaundi kuonyesha mimba iko ndani ya mfuko. Iulizie kwa jina.

Ukisikia kliniki za kulipia zinazouza tiba za kurekebisha kinga ya mwili kwa maelfu ya pauni, mwongozo hauzipendekezi. Pesa hiyo panda ndege ukamwone mama.

Ndugu zetu nyumbani nawapenda, lakini. Dada yangu alinipigia akasema, "Si nije tu kwa viza ya matembezi nami nipimwe hukohuko?" Hapana, mwanangu. Mgeni analipishwa asilimia 150 ya gharama, na deni la kuanzia pauni 500 likilala linapelekwa uhamiaji, viza inayofuata uisahau. Sisi wenye viza ndefu wengi tumelipa ada ya afya ya wahamiaji, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, kabla hata hatujaumwa mafua. Kwa hiyo usiingie kwa GP kama mtu anayeomba sadaka.

Waingereza nao ni watu wa ajabu. Watakuita mpenzi, watakupa tishu na chai, na hawatafanya kitu mpaka uombe kwa jina lake. Ukinyamaza kwa heshima wanadhani umeridhika. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha hatari ya wanawake weusi kupoteza mimba inazidi ile ya weupe kwa zaidi ya asilimia 40, na bado pale kitengoni mimi ndiye niliyeulizwa kama nina hakika na tarehe zangu.

Tangu Februari 2024 serikali inatoa cheti kwa waliopoteza mimba kabla ya wiki ya 24. Ni bure, unaomba mtandaoni, na hawataki ushahidi wowote wa daktari. Neno lako linatosha! Nilicheka peke yangu jikoni. Nikaomba cha 2021 na cha 2023, vikaja kwa posta. Cha 2017 sikuweza, ni kwa waliokuwa wanaishi England mimba ilipotoka. Ile ya Tanga ina barua ya muhuri tu, na nimeiweka bahasha moja na hivyo viwili.